Dole la Zambarau

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa na mashine mbili, na zote zikiwashwa pamoja mtu hasikii hata uongo wake mwenyewe. Mpelelezi alipapenda hapo hapo. Mtu anayelazimika kupaza sauti hapati nafasi ya kuremba maneno.

Kituoni walimwita Upawa, mbele yake na nyuma yake, kwa sababu akishaanza kukoroga jambo hakomi mpaka afike kwenye ukoko. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mkoba mkubwa kuliko cheo chake. Asubuhi hiyo ndani ya mkoba mlikuwa na karatasi moja tu ya maana, fomu ya ridhaa ya chanjo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kama mkate wa wageni.

Fomu ilikuwa ya dobi ambaye hospitali nzima ilimwita Bi Shuka. Miaka ishirini na mbili alifua hapo. Ijumaa ya wiki iliyotangulia alichomwa chanjo ya homa ya ini saa tano na nusu asubuhi, akarudi kwenye mashine zake, na kabla ya saa sita alikutwa ameanguka juu ya rundo la shuka, uso umevimba, pumzi hana. Daktari aliandika: mzio mkali. Wakubwa wa hospitali wakasema, alikubali mwenyewe, dole gumba lake hili hapa. Mumewe akaja kituoni na kofia mkononi.

"Mimi sina ugomvi na chanjo," alisema mzee huyo. "Wanangu wamechanjwa, na mimi nimechanjwa. Nataka kujua kitu kimoja. Mke wangu aliulizwa?"

Maana fomu ilikuwa na maswali tisa, na la nne lilisema: Je, umewahi kudhurika baada ya kuchomwa chanjo yoyote? Kwenye fomu ya Bi Shuka maswali yote tisa yaliwekewa alama kwenye Hapana, moja chini ya nyingine kama vifungo vya shati. Na mumewe alijua, kwa kuwa alikuwepo, kwamba miaka minne nyuma, kwenye zahanati nyingine, sindano ya kwanza ya chanjo hiyo hiyo ilimvimbisha uso mpaka macho yakafunga. Waliwahi kumchoma dawa, akapona. Mganga alimwambia asiirudie bila kumweleza daktari. Naye aliporudi nyumbani alimwambia mumewe, "Wakiniuliza nitasema."

Kwa hiyo, ama Bi Shuka alidanganya, ama hakuulizwa, na kuna mtu kambandikia dole. Hospitali ilikwisha kumsimamisha kazi muuguzi aliyemchoma, ikisema huenda alighushi ili amalize foleni. Polisi nao walitaka faili lifungwe. Upawa alitaka kwanza dole la marehemu alilinganishe, na marehemu alikuwa kaburini siku ya sita.

"Nitafutie kitu alichokishika yeye peke yake," alimpazia sauti dobi aliyebaki, mwanamke mrefu mwenye mikono ya mpiga mieleka. "Kikombe, kitasa cha kabati lake, mpini wa pasi."

"Hupati kitu, mama."

"Mmeviosha?"

"Umekuja kwa madobi halafu unauliza kama tumeosha." Dobi akazima mashine moja. "Lakini si hilo. Njoo nikuonyeshe mchawi wetu."

Akamwongoza hadi mlangoni, palipotundikwa kijimashine cha mahudhurio, kile ambacho mfanyakazi anakigusa kwa kidole nacho kinaandika kwamba amefika. Chini yake palibandikwa karatasi: MADOBI WASITUMIE. Dobi akaweka dole gumba. Taa nyekundu ikawaka, kijimashine kikalia kama kifaranga kilichokanyagwa.

"Umeona? Miaka kumi na tisa nafika hapa kabla ya jua. Siku walipoleta hiki kikaniambia sipo. Bi Shuka kilimkataa mara saba. Akakiinamia, akakiambia, 'Basi mwanangu, kama sipo nirudi nikalale.'" Dobi akacheka, kicheko kikakatika katikati. Akageuza kiganja. "Tazama mwenyewe."

Upawa akatoa kioo chake cha kukuzia. Dole la yule mwanamke lilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Hakuna mistari, hakuna mzunguko, hakuna kitu.

"Dawa ya madoa, maji ya moto na pasi," dobi akasema. "Vidole vinaisha kama kipande cha sabuni. Vya Bi Shuka vilikwisha zamani kuliko vyangu."

Upawa akaitoa fomu, akaishika karibu na dirisha. Dole la kwenye fomu lilikuwa na mistari mizuri, imezunguka na kuzunguka kama maji yanavyoingia kwenye tundu la karo. Rangi yake zambarau. Akaitazama kwa muda, akairudisha kwenye nailoni.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Hapo, kwenye pasi. Nikamsikia anakohoa. Nikamwambia, 'Hiyo sabuni mpya hiyo, usiivute.' Sikugeuka." Dobi akaokota kirundo cha nguo ndogo ndogo za watoto wachanga, akaanza kuzikunja ingawa zilikuwa bado mbichi. "Nilitaka shuka nyingine ya kupiga pasi, nikanyoosha mkono nyuma kama kila siku, anipe. Hakunipa. Ndipo nikageuka."

Upawa akamwacha akunje. Kwenye vijinguo vile palikuwa na madoa ya zambarau, hapa na pale, yamefifia.

"Haya madoa vipi, fundi umeshindwa?"

"Hayo ya wodi ya wazazi hayatoki hata uyaombee. Wanawapaka watoto wino miguuni." Akajifuta uso kwa fulana ya mtoto. "Bi Shuka alikuwa anajua kuyatoa. Hakuniambia anatumia nini. Alisema ataniambia siku akistaafu."

*

Dirisha la karani wa chanjo lilikuwa mwisho wa ukumbi, na juu yake tangazo kubwa lilikuwa bado linaning'inia: KILA MFANYAKAZI, KUANZIA DAKTARI MKUU HADI MFAGIAJI, AWE AMECHANJWA KUFIKIA IJUMAA SAA KUMI ALASIRI. ASIYECHANJWA HATAPANGIWA ZAMU. Chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na siafu: Chanjo ni kwa hiari.

"Hii hiari yenu inafungwa saa kumi?" Upawa akauliza.

"Tuliletewa hivyo hivyo, afande," karani akajibu. Alikuwa kijana wa kiume mwenye tai fupi na kalamu nne mfukoni, kila moja na kazi yake. "Mimi napokea fomu. Anayejua kuandika anasaini, asiyejua anabandika dole. Nakagua, natia muhuri, anakwenda kuchomwa."

"Unakagua nini?"

"Dole lionekane. Mwongozo unasema alama isiyosomeka haikubaliwi. Nikipeleka doa, fomu inarudi, na mimi naitwa kujieleza."

"Bi Shuka alileta nini?"

Karani akanyoosha tai iliyokuwa imenyooka. "Doa. Alhamisi akaleta doa. Ijumaa asubuhi akarudia hapa hapa mbele yangu kwa wino wangu, doa kubwa zaidi. Nikamwambia, mama, nenda kanawe vizuri, katafute dole lako urudi."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema, 'Nikalitafute wapi, mwanangu? Limo kwenye shuka zenu.'"

Upawa hakuandika hilo. Alilisikia tu, akageuza ukurasa.

"Mara ya tatu?"

"Ijumaa hiyo hiyo, kwenye saa tano. Akaja na dole safi, la kupigiwa mfano. Mpaka nikampongeza."

"Ulimwona akilibandika?"

Karani akazigusa kalamu zake mfukoni, moja moja. 

"Nauliza kwa sababu hapa," Upawa akaweka ukucha juu ya nailoni, "pameandikwa, 'Shahidi: nimeshuhudia mhusika akisomewa fomu hii na kuweka alama yake.' Na hii saini yenye mkia ni yako."

"Niliiona karatasi, afande."

"Na mimi nauona mwezi, lakini sikuwepo ulipotundikwa. Nipe wino wako."

Kisahani cha wino cha karani kilikuwa cheusi. Upawa akalichukua dole la karani mwenyewe, akalibandika kwenye karatasi nyeupe, akalinganisha kwa kioo. Mistari ya karani ilipanda na kushuka kama kilima, ile ya fomu ilizunguka. Si yeye. Wala wino si huu.

"Una mwingine wa zambarau?"

"Hapa tuna mweusi tu. Wa zambarau hauruhusiwi kwenye nyaraka."

"Lakini uliupokea."

"Lilikuwa dole zuri sana, afande," akasema karani. "Nilifurahi kwa niaba yake. Nilijua hana zamu lisipoonekana."

*

Muuguzi mchanjaji alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa wauguzi. Aliyesimamishwa kazi anatakiwa kuripoti kila siku, asaini, akae mpaka adhuhuri. Naye alikaa, bila sare, mkoba mapajani, wenzake wakipita wakiwa wamepata ghafla kitu cha kutazama ukutani.

"Mwaga mkoba, dada," Upawa akamwambia, akaketi kando yake.

Vikatoka leso, kitana, daftari, nusu ya andazi, na kalamu nene ya wino wa zambarau.

Upawa akaiokota kalamu ile taratibu. "Hii ya nini?"

"Ya chanjo za watoto. Ukishamchanja unampaka kidole kidogo, asirudie foleni."

"Lete dole gumba."

Muuguzi akalitoa bila kusita. Upawa akalipaka, akalibandika kwenye daftari lake. Kalamu ilitoa michirizi ya kukwaruza, nusu yake ilikwisha kukauka kabla haijagusa karatasi. Akarudia, ikawa vile vile. Tena katikati ya dole la muuguzi palikuwa na kovu limekata mistari kama njia inavyokata shamba.

"Chupa ya dawa ilinipasukia, mwaka wa kwanza wa kazi," muuguzi akasema.

Kwenye fomu hapakuwa na kovu. Upawa akarudisha kalamu mkobani, akamrudishia na andazi.

"Nimewaambia siku zote si mimi," muuguzi akasema kwa sauti ndogo. "Lakini nililofanya nitalisema. Ni afadhali uliandike."

"Naandika."

"Ukumbi ulikuwa umejaa. Nyuma yake walikuwepo kama sitini, wote wanataka kuwahi saa kumi. Nikaitazama fomu, hapana tisa. Nikamuuliza, 'Mama, una tatizo lolote?' Akaitazama fomu mkononi mwangu, akasema, 'Mwanangu keshaisoma. Kasema hamna la kuulizwa humo.' Nikamchoma."

Kalamu ya Upawa ikasimama. "Hayo ya mwanawe hayamo kwenye maelezo yako ya kwanza."

"Nilimwona msibani jinsi alivyokuwa akilia. Ni mwenzetu. Nimpelekee polisi mlangoni?" Muuguzi akakunja leso, akaikunjua. "Halafu nikamwambia Bi Shuka akae kwenye benchi robo saa, tumwangalie. Ndiyo sheria. Akasema shuka za chumba cha upasuaji zimo kwenye mashine. Nikamwachia aende. Angekaa pale angezidiwa mbele ya macho yangu, na dawa ilikuwa mezani. Hilo la benchi ni langu, afande. Andika ni langu. Dole si langu."

Upawa akaandika, akamsomea alichoandika, neno kwa neno, kisha akampa kalamu asaini. Alikuwa na desturi hiyo tangu zamani, na wenzake kituoni walimcheka kwa kupoteza muda.

"Mwanawe yuko idara gani?"

 Upawa hakuhitaji sana jibu. Alikuwa anaona vijinguo vya watoto mbele ya macho yake, na madoa yasiyotoka.

"Wodi ya wazazi," muuguzi akasema. "Mkunga."

*

Ilikuwa saa ya kupima watoto. Mkunga, binti wa Bi Shuka, alikuwa peke yake kwenye meza ndefu, mwembamba, macho yamevimba kama ya mtu asiyelala, mikono inafanya kazi bila kumuuliza. Alimwinua mtoto kwenye mizani, akasoma, akaandika kwenye kadi. Kisha akavuta kisahani, akaugusisha wayo wa mtoto kwenye wino, akaubandika kwenye kadi. Vikatokea vidole vitano, vidogo kama punje za choroko. Zambarau.

"Kadi ya kwanza ya maisha yake," Upawa akasema kutoka mlangoni. "Hata hajaulizwa."

Mkunga akainua uso. Walikuwa wameonana mara moja, nyumbani kwao, siku Upawa alipokwenda kuchukua maelezo ya mzee. Siku hiyo binti alitenga chakula akaondoka.

Upawa akaiweka nailoni mezani, kando ya kadi. Rangi ilikuwa moja.

"Nilijua utakuja na karatasi hiyo," mkunga akasema. "Nilidhani utakuja mapema zaidi."

"Naomba dole lako la kulia, mwanangu."

"Huna haja."

"Ninayo. Kazi ni kazi."

Akatoa wino wake wa polisi, mweusi, akalibandika. Kwa kioo, mistari ikazunguka na kuzunguka, ikaingia kwenye tundu lile lile. Upawa akaitazama mara mbili, ingawa mara moja ilitosha.

Mkunga akamlaza mtoto, akamfunika. Akasema huku akimtazama mtoto.

"Ijumaa ile nilikuwa na wazazi watatu kwa pamoja. Akaja akasimama hapo ulipo wewe. Haingii, anaiheshimu wodi. Karatasi kaishika hivi, kwa vidole viwili, isilowe. Akasema, 'Mwanangu, nisomee, wamenirudisha mara mbili.' Nyumbani kwetu mimi ndiye ninayesoma. Tangu darasa la tatu. Barua, maandishi ya dawa, matangazo, kila kitu. Baba herufi hazijui, mama hazijui. Akipewa karatasi hata ya sabuni ananisubiri."

"Ukamsomea?"

"Nilivua glavu moja." Akautazama mkono wake wa kulia. "Moja tu, afande. Ile nyingine nilibaki nayo kwa sababu mzazi alikuwa ananiita. Nikapiga alama tisa za hapana kama tunavyopiga hapa wodini, kila siku tunapiga, fomu zote zinafanana. Nikalijaribu dole lake kwa wino wa watoto kwenye kadi tupu, likatoka doa. Nikaona atarudishwa tena, na saa zinakwenda, zamu zake zitafutwa, na kufua ndiyo kazi anayoijua. Nikabandika langu. Kufunga kitovu kunachukua muda mrefu kuliko ule."

"Hakusema kitu?"

"Aliuliza." Mkunga akamfunika mtoto tena. "Akasema, 'Hamna la kuulizwa humo?' Nikasema, 'Hamna, mama, ni chanjo tu.' Akasema, 'Haya. Wewe ndiye unayejua.'"

Mtoto mmoja akaanza kulia, wa pili akamwitikia. Upawa alikuwa mtu wa kuokota mzaha hata kwenye kesi ya wizi wa jeneza. Siku hiyo alitia mkono mkobani, akakuta hamna mzaha.

"Ile sindano ya kwanza hukuijua."

"Nilikuwa chuoni, wiki ya mtihani. Walikubaliana wasiniambie, nisije nikafeli." Mkunga akafuta kisahani cha wino kwa pamba, taratibu, ukingo wote. "Nikafaulu."

Upawa akavuta kiti. Akaandika maelezo, ukurasa na nusu. Akayasoma kwa sauti, na kila aya akauliza, "Ndivyo ulivyosema?" Mkunga akasema ndivyo. Akasaini.

"Sasa sikiliza," Upawa akasema. "Mwenzio aliye kwenye benchi kule chini leo anafutiwa lile la kughushi. Karani atajibu la ushahidi wake. Walioandika lile tangazo nitawaandikia nao, ingawa wale wana milango mingi. Lako linakwenda kwa wakubwa, na baraza la wauguzi litakuita. Sijui watakupa nini, sitakudanganya. Baba yako anajua?"

"Kila jioni anauliza ni dole la nani. Anasema akimpata huyo mtu atamuuliza jambo moja tu. Mimi nampakulia, kwa mkono huu huu. Anasema asante, mwanangu."

"Hatalisikia kwangu."

"Atalisikia kwa nani?"

"Kwenu anayesoma nani?"

Mkunga akavua aproni, akaitundika msumarini, akamkabidhi mwenzake watoto sita na kadi zao.

*

Baba yake alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa nyuma wa hospitali, mabati matatu na benchi, na alikuwa akisaga mpira kwa tupa. Mapajani alikuwa na buti la mvua, la kike, kisigino kimechakaa. Mwenzake lilikuwa benchini, lina kiraka kipya. Upawa aliyatambua mabuti hayo bila kuambiwa. Ni ya mtu anayesimama kwenye maji kutwa nzima.

"Afande," mzee akasema, akataka kuinuka. "Umelipata?"

"Nimelipata, mzee wangu. Kaa."

"Na wewe mama, si uko zamu?" akamwambia binti yake. Alikuwa akimwita hivyo, mama, tangu alipozaliwa, kama wazee wengi wanavyowaita binti zao. Ndipo akaliona dole lake. Wino wa polisi ulikuwa bado haujafutwa, mweusi mpaka kwenye ukucha.

Mzee alivishika viatu vya watu miaka arobaini, alijua kusoma kitu kwa alama zake. Akalitazama dole lile. Akamtazama afande, akalirudia dole. Tupa ikaacha kusaga.

Binti yake akaketi kwenye kigoda cha wateja. "Baba," akasema.

"Ngoja," mzee akasema. "Nilisema nitauliza moja."

Akaweka tupa chini, akafuta mikono kwenye suruali, mmoja, kisha wa pili.

"Ulimsomea?"

"Sikumsomea, baba."

Barabarani watu walipita, mmoja akauliza kama kiatu chake kiko tayari, Upawa akampungia mkono aende zake. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Mabega yalipanda mara moja, yakashuka, yakatulia. Alipoinua uso ulikuwa umelowa wote, naye hakujali kuufuta.

"Mimi ndiye niliyesema tusikwambie," akasema. "Yeye alitaka kukwambia. Nikamwambia mwache mtoto afanye mtihani. Halafu siku zikapita."

 Akachukua lile buti la mapajani, akaliweka benchini kando ya mwenzake, akayasogeza yakae sambamba, ncha zinawatazama.

"Afande, hiyo karatasi unayo?"

Upawa alikuwa na nakala. Kwa sheria hakutakiwa kuitoa. Akaitoa.

"Soma," mzee akamwambia binti yake. "Soma yote. Usiruke."

Akasoma. Alianza na jina la hospitali, akashindwa, akaanza tena. Akasoma aya ndefu ya mwanzo, chanjo ni ya nini, inazuia nini, kwamba mhusika ana haki ya kuuliza na haki ya kukataa. Mzee alisikiliza kama anayesikiliza barua kutoka mbali. Kisha yakaja maswali.

"Swali la kwanza. Je, una homa leo?"

"Hapana," mzee akasema. "Aliamka mzima. Alikunywa uji."

"La pili. Je, wewe ni mjamzito?"

Mdomo wa mzee ukapinda kidogo. "Hapana. Hapo angecheka mpaka akae chini."

"La tatu. Je, kuna dawa yoyote unayotumia sasa?"

"Ile ya kuchua magoti."

"Hiyo haihesabiwi, baba."

"Iandike. Wameuliza."

Binti akaiangalia karatasi. Herufi zilimchezea machoni. Akafuta macho kwa dole lile, likamwachia mstari mweusi shavuni, akashika karatasi kwa mikono miwili.

"La nne," akasema. "Je, umewahi..." Akasimama.

"Soma, mama."

"Je, umewahi kudhurika baada ya kuchomwa chanjo yoyote?"

"Ndiyo," mzee akasema, kwa sauti ya taratibu ya mtu aliyekuwa akingoja zamu yake kwenye foleni. Akayatazama mabuti, akamjibia aliyeyavaa. "Ndiyo, mwanangu, nimewahi."

Tupa ilikuwa imebingirika hadi miguuni pa Upawa. Akainama, akaiokota, akakaa nayo.

"Endelea," mzee akasema. "La tano."